Mnukajioni, Wifi na Mimi

Jumamosi, 1 Machi

Siku kubwa! Nimekabidhiwa mbegu.

Bustani ya mimea ilitafuta watu wa kujitolea kuotesha miti ya asili inayopotea. Tulijitokeza wachache, na mimi ndiye niliyevaa vizuri kuliko wote. Afisa wa bustani, binti mwenye buti za matope na sauti ya kunong'ona, alitueleza kwamba mnukajioni umebaki mmoja tu unaojulikana, nyuma ya tangi la zamani la maji. Mzee, shina limeoza upande mmoja. Mwaka huu umezaa kidogo, na mwakani huenda usizae kabisa. Mbegu zake hazitunziki kabatini, zikikauka zimekufa. Kwa hiyo wametugawia, kila mtu kijiko cha chai.

Kijiko cha chai! Na mimi nakumbuka barabara nzima ya minukajioni, kushoto na kulia, kuanzia kona ya duka la vitambaa hadi mlango wa ofisi ya simu. Nilikuwa opereta. Jua likizama maua meupe yanafungua, harufu inaingia madirishani, sisi wasichana tunajua zamu ya jioni imeanza hata bila kuangalia saa. Kisha barabara ikapanuliwa. Miti ikaenda. Halafu mitambo ikaja, na sisi tukaenda.

Maelekezo ya afisa: weka juu ya mchanga, funika kidogo, weka kivulini, mwagilia, subiri. Mwezi, hata zaidi. Msizichokoe.

Subiri! Nimeishi kwa kuwaambia watu wengine wasubiri. Mwenyewe sijawahi.

Mche wa kwanza kupata nguvu utapandwa mbele ya jengo lililokuwa ofisi yetu ya simu. Aliyeuotesha ataupanda kwa mkono wake, kisha atasema maneno machache. Ninayo. Nimeshaanza kuyaandika.

Kikwazo kimoja: wifi yangu naye amepewa kijiko.

Jumapili, 2 Machi

Nieleze kuhusu wifi, maana atanisumbua kwenye kurasa hizi. Ni mjane wa mdogo wangu. Anaishi nyumba ya pili, tumetenganishwa na ukuta wa matofali unaonifika kifuani. Ni mtu wa kutulia. Anaweza kukaa na kikombe cha chai mpaka kipoe, na bado akakinywa. Watu wa namna hiyo hawaaminiki.

Tangu mdogo wangu atutoke tunasalimiana vizuri, tunapeana limau, hatuzungumzi habari zake. Tumeona hivyo ndivyo ilivyo salama.

Asubuhi nilichungulia. Amekwisha atika mbegu zake. Chungu kimoja, mchanga, kivuli cha ukuta. Basi! Hakuna ufundi wowote. Nikarudi ndani nikicheka.

Mimi nina mpango. Gamba la mbegu ni gumu, kwa hiyo lazima lilainishwe. Mume wangu, Mzee, ni fundi saa mstaafu, ana msasa mwembamba kuliko karatasi ya sigara. Nimezisugua mbegu moja moja mpaka vidole vimekufa ganzi. Kisha nimezitia kwenye thermosi ya maji ya moto zilale humo.

Jumatatu, 3 Machi

Mzee amekunywa thermosi.

Alidhani ni chai. Aliweka na sukari. Nilipomkuta alikuwa amefika kikombe cha pili, akalalamika kwamba majani ya chai ya siku hizi yana ladha ya kamba. Nilipiga ukelele. Akauliza kuna moto? Nikamwambia atoe kila kitu kilichomo mdomoni. Akatii. Ameoa opereta, amezoea amri.

Nimeokoa karibu zote. Zimevimba kidogo. Dalili njema sana!

Jumatano, 5 Machi

Nimekumbuka jambo. Miaka ile wafagizi walikuwa wakichoma majani makavu pembeni ya barabara yetu, na mara baada ya hapo miche ya mnukajioni ilikuwa ikichipua mpaka kwenye nyufa za ngazi za ofisi. Moshi! Mbegu zinataka moshi. Afisa hakusema kwa sababu hajui, alikuwa hajazaliwa.

Nilipanga mbegu kwenye chujio. Chujio nikaliweka juu ya matofali, chini nikawasha majani na gunia bichi, juu nikafunika beseni kubwa la kufulia. Moshi ukatoka pande zote. Mwanzo ulikuwa moshi wa kuridhisha. Baadaye ulizidi.

Nilikuwa nimeinama napuliza, macho yananitoka machozi, nawaza jinsi nitakavyowaambia wageni kwamba siri ilikuwa moshi, ndipo nikapigwa na maji. Ndoo nzima. Mgongoni.

Wifi! Alikuwa ameruka ukuta. Umri wake, magoti yake, ameruka ukuta na ndoo. Akasema alidhani nyumba inaungua nami nimo. Nilimwambia kwa heshima zote kwamba ilikuwa kazi ya kitaalamu na ameiharibu. Akaangalia beseni, akaangalia chujio, akaniangalia mimi. Akaomba radhi, akaenda zake kupitia mlangoni kama watu.

Nimeatika mbegu zikiwa hivyo hivyo, zimesuguliwa, zimechemshwa, zimefukizwa, zimelowa. Bakuli pana la mchanga, uani. Sasa zina kila kitu.

Jumanne, 11 Machi

Hakuna kitu.

Nimefukua kwa kijiko kuangalia. Zimelala tu. Nimezifukia tena. Jana nilifukua pia, na juzi. Mzee amesema mbegu zikichunguliwa kila asubuhi zitaona haya. Eti huo ndio mzaha wake wa mwaka.

Hujuma hii ya wifi na ndoo yake inanikumbusha opereta mwenzangu tuliyemwita Malkia, aliyekuwa akinichomolea plagi yangu nikienda chooni ili mkuu wa zamu aone laini zangu zimekatika. Tulichukiana miaka na miaka. Siku ya mwisho ya ofisi tulilia kwa kushikana mpaka mlinzi akatuomba tutoke, afunge. Sijui yuko wapi siku hizi. Nikisikia sauti yake hata leo nitaitambua katikati ya soko.

Jumatatu, 24 Machi

Msiba. Chungu cha wifi kimeota!

Nimeona kwa macho yangu kupitia tundu la ukutani. Kimoja, kijani, kimesimama wima kama askari wa gwaride. Wifi amekiwekea kijiti na kofia ya karatasi ya kukikinga na jua. Kofia!

Sikuweza kula mchana.

Jumanne, 25 Machi

Nimewaza. Maneno yangu machache yamefika ukurasa wa saba, hayawezi kupotea bure. Nani aliyefanya kazi pale? Mimi. Nani aliyeijua barabara ile mti kwa mti? Mimi. Wifi alikuwa muuzaji tu kwenye duka la vitambaa pale konani, alikuwa anaiona miti kwa nyuma.

Mpango: Alhamisi wifi huenda kwenye kikundi cha kinamama. Chini ya bomba la maji pana vichipukizi vya magugu vinavyofanana na chake kwa mbali. Nitachukua gugu moja, nitaruka ukuta, nitabadilisha. Dakika chache tu. Si wizi. Ni kuhamisha laini.

Alhamisi, 27 Machi

Niandike kama ilivyotokea.

Nilikuwa uani kwake, kijiko mkononi, gugu kwenye leso. Nimepiga goti mbele ya chungu. Mara mlango wa mbele ukalia. Kikundi kimeahirishwa! Nikaingia nyuma ya mashuka aliyoyaanika, nikasimama kimya kama nguzo.

Wifi alitoka na kigoda. Akaketi mbele ya chungu. Nikadhani atamwagilia aondoke. Akaanza kuongea.

Alikiambia kile kimche kwamba bati la upande wa chumbani limeanza kuvuja tena, palepale palipozibwa mara ile. Kwamba amepata soksi moja ya kijivu nyuma ya kabati na hakuitupa. Kwamba dada yako amejifukiza moshi wiki zile, nusura aichome nyumba, ungekuwepo ungecheka mpaka ukae chini. Ndipo nikaelewa anaongea na nani.

Kisha akasema, kwa sauti ileile ya msichana wa duka la vitambaa: "Bado. Bado haujafungua. Nikiona nitakwambia."

Nilishika shuka kwa mikono miwili.

Maana maneno hayo nayajua. Mdogo wangu alikuwa dereva wa malori ya mbali. Kila alipofika mji wenye simu alimpigia binti wa duka la vitambaa, na simu ilipita kwangu. Alikuwa hamwambii mapenzi, alikuwa na aibu. Alimuuliza habari za mti: mnukajioni wa mlangoni kwenu umefungua? Binti anaweka simu mezani, anakwenda mlangoni, anarudi. Bado. Au, umefungua wote! Na yeye huko mbali anavuta pumzi, kana kwamba harufu inapita kwenye waya. Mimi nilikuwa katikati, visikizio masikioni, plagi mkononi. Huwezi kujua kama laini ni nzuri bila kusikiliza kidogo.

Wifi alipoingia ndani niliruka ukuta. Nilirudi na gugu langu. Sikula usiku.

Jumamosi, 29 Machi

Nimerudi uani kwangu nikakuta bakuli langu tupu, limeoshwa, linakaushwa juani!

Mzee alisema kwamba mchanga ule ulikuwa unanuka moshi na haukuwa na kitu. Ameumwaga. Wapi? Nyuma ya bafu, kwenye ule unyevunyevu ambako maji yanatiririka. Lini? Wiki mbili zilizopita! Nimekuwa nikifukua bakuli gani basi? La pili, alilolijaza mchanga mpya nisiudhike, mpaka leo akaona limechoka nalo akaliosha. Wiki mbili nimefukua mchanga mtupu kwa kijiko!

Nimemwambia sitasema naye mpaka Jumatatu. Akauliza chakula je. Nikamwambia chakula si maneno.

Jumatano, 2 Aprili

ALHAMDU, MAAJABU! Nimekwenda nyuma ya bafu kutafuta ndala, na pale kwenye mchanga uliotupwa, kivulini, hakuna mtu aliyegusa wala kuangalia, vimesimama vimche viwili!

Nilimpigia afisa wa bustani. Amekuja na buti zake, amepiga magoti kwenye maji ya bafu bila kujali. Amevitazama kwa muda mrefu. Kisha binti yule wa kunong'ona akapiga kelele nikashtuka. Ndio wenyewe! Majani ya kwanza ya duara, mazito, hayana vinyweleo, na ukiyagusa vidole vinabaki na harufu kwa mbali. Katika wote waliopewa mbegu, akasema, hakuna mwingine aliyetoa mche mpaka leo. Alifuta macho kwa kiwiko, akajipaka matope.

Nimemweleza: msasa, maji ya moto, moshi, kwa mpangilio huo. Aliuliza kwa upole kama sidhani ilikuwa kivuli na kuachwa zitulie. Nimemsamehe. Bado mdogo.

Nilikwenda ukutani nikiwa na furaha ya kupasuka. Nikachungulia kwenye tundu ili nione kushindwa kwa wifi.

Majani ya kimche chake si ya duara. Ni marefu, yamechongoka. Yana vinyweleo vyeupe.

Ni mnyanya.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimeshinda. Kwa nini basi nimekaa siku nzima sina raha?

Mnyanya! Mbegu imetoka kwenye mbolea yake ya jikoni. Mwanamke amekaa mbele ya mnyanya wiki nzima akiuambia habari za bati na soksi. Afisa atakuja Jumamosi kukagua, na atamwambia. Kwa upole, kwa kunong'ona, lakini atamwambia. Na mimi nitakuwa nimesimama pale ukutani nikiona uso wake.

Mzee, ambaye tumeshapatana, aliuliza kama ninaumwa. Nikamwambia hapana, nafikiri. Akasema alidhani ni hivyo, akaenda kuficha thermosi.

Ijumaa, 4 Aprili

Nimekata shauri. Vimche ninavyo viwili. Kimoja changu, kwa sherehe. Kimoja kitakwenda kwenye chungu cha wifi, mnyanya utaondoka, naye hatajua maisha yake yote. Mpango safi kuliko mipango yangu yote, kwa kuwa hauna faida kwangu hata kidogo. Utawezaje kushindikana?

Ulivyoshindikana:

Saa ya mchana wa jua kali, wifi hulala. Niliruka ukuta na mche kwenye kikombe. Nikautoa mnyanya taratibu. Mkono wa kushoto mnyanya, mkono wa kulia kijiko, mche wangu umesimama kwenye kikombe kando ya goti. Na kivuli kikaja juu ya chungu.

"Wifi," akasema wifi. "Unafanya nini?"

Katika maisha yangu nimeunganisha mawaziri na wake zao, majambazi na mawakili wao, sijawahi kukosa la kusema. Leo nilikosa. Nikisema ukweli, nimemwambia kwamba ni mnyanya. Nisiposema, mimi ni mwizi.

Nikasema: "Naiba."

"Unaiba mche wangu?"

"Ndiyo. Nina wivu. Unajua tabia yangu."

Akainama, kwa taabu ya magoti yale, akachukua kikombe changu. Akagusa jani la duara. Akanusa vidole vyake. Akakaa chini palepale, kwenye vumbi.

Halafu akaanza kucheka. Alicheka kwa kilio. Akaniuliza kama nadhani kweli mtu anayelima nyanya kila mwaka hawezi kuutambua mnyanya. Alijua tangu ulipotoa jani la pili. Lakini alikuwa ameshauzoea kuuhadithia, akasema, na nyumba ni kimya sana, na mnyanya haukatizi mtu maneno. Akaona auache tu.

Nikasema nasikitika nilimsikiliza siku ile nyuma ya mashuka.

"Ah, wifi," akasema, "mashuka yalikuwa na miguu. Nilikuona nilipoketi. Kwani mara yako ya kwanza kutusikiliza?"

Nikatoa macho pima.

"Simu zote zile," akasema. "Tulikuwa tunakusikia ukipumua. Mdogo wako alikuwa anasema, ngoja kwanza, dada hajakaa vizuri. Ndipo anaanza kuuliza habari za mti. Alisema akiongea huku dada yuko katikati anajisikia yuko nyumbani."

Jua lilikuwa linatuchoma wote wawili na hatukusogea. Kisha nikamwambia, kwa mara ya kwanza tangu atutoke, jinsi alivyokuwa akiimba vibaya utotoni akioga, kwa sauti ya mbuzi, na wifi akaniambia hakuwahi kuacha. Tukaongea mpaka kivuli cha ukuta kikatufikia. Soksi ya kijivu amenionyesha. Ni yake kweli. Imetoboka dole gumba.

Mche tumeupanda kwenye chungu pamoja. Mnyanya tumeupanda pembeni. Wifi alikataa kuutupa. Ameushirikisha mengi mno.

Jumamosi, 28 Juni

Sherehe! Miche yote miwili imepandwa mbele ya jengo lililokuwa ofisi ya simu, mmoja huku, mmoja kule. Jengo sasa linauza magodoro. Ngazi ni zilezile. Nilisimama kwenye ngazi ya tatu, ambapo tulikuwa tukivua viatu vya visigino kabla ya kwenda nyumbani, na kwa nukta moja nikasikia vicheko vya wasichana wote, na Malkia akidai nimeficha kitana chake.

Nilikuwa na kurasa kumi na moja. Nilipofungua ukurasa wa kwanza, lilipita gari la kusomba kokoto. Ukurasa wa pili, wauza magodoro walianza kutangaza punguzo kwa kipaza sauti. Ukurasa wa tatu upepo uliuchukua. Afisa akaninong'oneza kwamba pengine yatosha. Nikasema nina nane. Wifi akanishika mkono, akasema kwa wageni wote: "Wifi yangu anataka kusema kwamba hapa palikuwa panapendeza." Wakapiga makofi.

Sikukasirika. Ndicho nilichotaka kusema, kwa kifupi.

Miche haifiki magotini. Afisa anasema itachukua miaka mingi kabla ya ua la kwanza, huenda tusilione. Wifi akasema kila jioni atapita kuangalia hata hivyo. Nikamwambia tutapita wote. Tukarudi nyumbani kwa miguu, tumeshikana, kama zamani tukitoka zamu, ingawa yeye hakuwahi kuwa na zamu.

Jumapili, 29 Juni

Siku ya amani. Nimejifunza mengi katika miezi hii. Nimejifunza subira, upole, na kwamba mashindano ni mambo ya watoto.

Mchana afisa alipita na mbegu mpya: kammea kadogo kanakotambaa juu ya mawe, kamebaki mahali pawili tu. Mbegu laini kama vumbi. Amenipa chungu kimoja na wifi kimoja. Maelekezo: chungu kiwekwe nje, kisimwagiliwe hata tone, kiachwe mpaka mvua ya kwanza ikishukie yenyewe. Mche wa kwanza utapewa jina la aliyeuotesha kwenye kibao.

Kibao!

Mvua ya kwanza iko wapi? Nimeangalia mbingu zote, hakuna wingu. Ila mbegu nazo zitajuaje, zenyewe hazina macho? Nimechukua chujio la chai, ndoo na ngazi ndefu. Mzee atashika ngazi kwa mkono mmoja na kupiga debe la bati kwa mwingine, ili kuwe na ngurumo. Nimemwambia asitie shaka, hili nimelifikiria vizuri.

Wifi ameuliza ukutani ngazi ni ya nini. Nimemjibu nabadilisha balbu. Akauliza, nje? Nikasema, nje.

Ameingia ndani haraka haraka. Nasikia anaburuta kitu kizito, kirefu. Ngazi! Lazima niwahi!